Kanda ya Ziwa na Mdundo Usio na Mwenyewe

Kidole gumba cha mguu ndicho kinachoanza. Mpiga nyatiti wa Kiluo huketi kwenye kigoda kifupi, chombo chake kimeegemea chini mbele yake, na kwenye kidole hicho amevaa pete nzito ya chuma. Anaigonga kwenye mti wa nyatiti bila haraka: ko, ko, ko. Njuga alizofunga mguuni zinaitikia. Juu ya mlio huo mikono yake inahangaika na nyuzi nane, nne za mkono huu na nne za mkono ule. Zamani nyuzi hizo zilitokana na mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ileile ya kuvulia samaki. Mikono haipigi pamoja. Mmoja unaingia pale mwenzake alipoacha nafasi, na kabla sikio halijaamua upi unaongoza, mwimbaji ameshaanza kumsifu marehemu ambaye matanga yake ndiyo yaliyomleta hapo.

Mtu huyu mmoja anaendesha midundo mitatu kwa mpigo, na wa nne ni wa sauti yake. Hakuna hata mmoja ulio mgumu peke yake. Pete inagonga kwa utulivu ambao mtoto anaweza kuuiga. Mkono wa kulia unarudia kipande kifupi, wa kushoto nao hivyohivyo. Shida inaanza vinapokutana.

Kijana wa Mwanza anayejifunza gitaa kupitia simu yake leo anaweza kukutana na muziki ambao wapenzi wake wanauita roki ya hesabu. Ulishika kasi Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990: Slint, vijana wa Louisville katika jimbo la Kentucky, walitoa albamu yao Spiderland mwaka 1991, na kule Pittsburgh kukawa na Don Caballero. Baadaye Wajapani waliuchukua kwa upendo mkubwa. Bendi ya Toe ya Tokyo ni mfano mmoja. Gitaa linapiga kipande kifupi kinachorudiwarudiwa, rifu, chenye mapigo 5, 7 au 11 mahali pa 4 tulizozizoea, huku dramu zikienda mwendo wake. Rifu ya mapigo 7 ikizunguka juu ya dramu ya mapigo 4, vinaanza pamoja, vinaachana, na havikutani tena mwanzoni hadi pigo la 28 litimie. Rifu ya 5 na dramu ya 4 hukutana baada ya 20. Anayejaribu kufuata kwa mguu anajikuta mguu umebaki hewani.

Ni muziki mzuri, ingawa baadhi ya bendi zake hunichosha kwa namna zinavyojionyesha, kama mwanafunzi anayetaka darasa zima lione amepata 100. Ninaloona mimi ni kwamba watu wa mwambao wa ziwa letu la Victoria walikwishalishughulikia suala hilohilo kwa njia nyingine. Hawakumbebesha mtu mmoja hesabu ngumu. Waliwapa wawili au watatu hesabu nyepesi, ugumu wakauacha uzaliwe katikati yao. Na gitaa lilipofika huku liliikuta njia hiyo tayari ina wenyewe.

Ushahidi ulio wazi kuliko yote uko upande wa kaskazini wa ziwa, kwenye jumba la Kabaka wa Buganda kule Mengo. Amadinda ni marimba makubwa ya mbao 12 zilizolazwa juu ya magogo ya migomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza anakaa upande mmoja na kupiga sehemu yake kwa mapigo yaliyo sawasawa, hayana madaha wala mapengo. Wa pili anakaa kumwelekea na kupiga sehemu nyingine, nayo ni ya mapigo sawasawa, ila kila noti yake inaangukia katikati ya noti mbili za mwenzake. Kasi ni kubwa mno, na hapo sikio linashindwa kuzitenganisha sehemu hizo. Linaanza kukusanya noti za juu kivyake na za chini kivyake, na nyimbo zinachomoza ambazo hakuna mkono uliozipiga. Kazi ya mtu wa tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi. Yeye anasikiliza noti mbili za chini kabisa zinavyojitokeza kutoka mikono ya wenzake, kisha anaurudia mpangilio huo kwenye mbao mbili za juu. Anapiga kitu ambacho wenzake wote wawili hawakukipiga, na hakukosea.

Mwaka 1959 kijana wa Vienna, Gerhard Kubik, alifika Kampala na kuanza kujifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka aliyekuwa akifanya kazi pia kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda. Muyinda alimkalisha mbele ya mbao na kumfundisha sehemu moja, halafu nyingine. Mwaka 1962 Kubik akaandika kuhusu hiyo midundo iliyojificha ndani ya muziki, isiyopigwa na yeyote na inayosikika na wote. Aliihesabu pia mizunguko. Nyimbo nyingi zina mzunguko wa noti 24 au 36, namba ambazo mchezaji anaweza kuzigawa kwa mbili au tatu bila taabu. Lakini zipo zenye noti 50, na nyingine 70. Hamsini ni 25 za huyu na 25 za yule. Ukiitafuta mbili au tatu ya kutulizia mguu ndani ya 25 utaikosa. Hizo ni nyimbo za jumba la Kabaka, za kale kuliko gitaa lolote la umeme.

Maandishi ya Kubik yalisafiri mbali. György Ligeti, mtunzi Mhungaria aliyeishi Hamburg, aliyasoma na kuyatumia alipoandika vipande vyake vya piano kuanzia 1985. Mmarekani Steve Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, na mwaka 1987 alitunga kipande cha gitaa ambamo mpigaji mmoja anajirekodi mara nyingi na kujijibu mwenyewe. Wazo la mwanzo wake lilitoka kwenye baragumu za Afrika ya Kati. Baadhi ya wapiga gitaa wa roki ya hesabu wamepitia kwa Reich. Kwa hiyo anayedhani muziki ule umeshuka kwetu kutoka Kentucky ameusikia ukiwa safarini kurudi.

Jumba la Mengo lilishambuliwa na jeshi tarehe 24 Mei 1966, kwa amri ya Milton Obote. Kabaka Mutesa II alikimbilia London, akafia huko 1969. Wanamuziki wake walitawanyika, na mafunzo ya amadinda yakabaki mikononi mwa wachache kama Muyinda.

Tushuke kusini sasa, Usukumani, ambako mdundo ulikulia kwenye jembe na kwenye ushindani. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana nani mwenye dawa kali zaidi. Suala likapelekwa uwanjani: kila mmoja aje na wachezaji wake, na dawa yenye nguvu itaonekana kwa umati utakaoivuta. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na ushindani huo unaendelea hadi leo baada ya mavuno. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji wanahama, na upande wenye watu wengi ndio ulioshinda.

Waandishi wengi husimulia habari za dawa, nyoka na vituko vya wachezaji, kwa kuwa ndivyo vinavyovuta macho. Mimi huwafikiria wapiga ngoma. Upande wa pili wa uwanja kuna ngoma nyingine, zina kasi nyingine, zimekusudiwa kukuvuruga. Huwezi kuziba masikio, maana unahitaji kumsikia ningi, yaani manju wa kikundi chako. Inabidi usikie midundo miwili na kuushika wako. Mpiga dramu wa Pittsburgh analipwa kwa ustadi huo; kijana wa Kisukuma aliujua kwa sababu asipoujua umati unamkimbia.

Bugobogobo, ngoma ya jembe, ilikuja na somo tofauti. Vijana wa kijiji chini ya nsumba ntale, kiongozi wao, walikuwa wakilima kwa zamu mashamba ya watu. Wanajipanga mstari, ngoma zinapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Urefu wa kipande cha wimbo hapo hauamuliwi na nadharia yoyote. Unaamuliwa na muda ambao jembe linachukua kupanda, kuzungushwa hewani na kurudi ardhini. Mpiga ngoma akiongeza kasi, shamba linaisha mapema na migongo inalia. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 2010 katika kitabu kikubwa, na ndani yake zimo za wakulima, za wawindaji na za wapagazi waliobeba mizigo hadi pwani. Karibu kila wimbo una mwendo wa mwili nyuma yake.

Ngoma zenyewe, zikiwamo za watemi, zinaonekana Bujora, Kisesa, kilomita chache nje ya Mwanza kwenye barabara ya Musoma. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha kituo hicho katika miaka ya 1950, akaruhusu ngoma kanisani na kuifanya sikukuu ya Ekaristi, Bulabo, kuwa uwanja wa Bagika na Bagalu. Watu wa dini wa zama zile hawakuzoea kuiona ngoma kwa jicho hilo. Siku ya Bulabo vumbi la Kisesa linawajibu vizuri kuliko mimi.

Gitaa lilikuja kwa reli na meli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901; reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kati ya miisho hiyo miwili ya reli kulikuwa na meli za mvuke, na mwaka 1961 ikaongezeka MV Victoria. Mwanza ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa, lililokusanya Usukuma, Bukoba na nchi ya Musoma hadi mpaka wa Kenya. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walirudi nyumbani, baadhi wakiwa na gitaa mgongoni. Pamba ilileta pesa. Wakulima walijipanga, na mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria chini ya Paul Bomani. Santuri za rumba ya Cuba zilikuwa zimeshazoeleka Afrika Mashariki. Kisha likaja gitaa kavu la Wakongo.

Kati ya hao Jean Bosco Mwenda ndiye wa kusikilizwa kwa makini. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga Masanga. Anatumia kidole gumba na cha shahada tu. Gumba linatembea chini kwenye besi, shahada inacheza juu, na vinaingiliana kiasi kwamba wasikilizaji waliapa ni magitaa mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na vijana wa pande zetu wakamsikia. Kwa mtu aliyelelewa na nyatiti hapakuwa na jipya la kushangaza hapo. Ilikuwa mikono miwili inayopishana, ila safari hii ilikuwa kwenye nyuzi sita.

Daniel Owino Misiani alizaliwa Februari 1940 kijiji cha Nyamagongo, Shirati, katika Jimbo hilohilo la Ziwa lililotawaliwa kutoka Mwanza. Siku hizi ni Rorya, mkoa wa Mara. Wazazi wake walikuwa waimbaji. Pamoja na hayo, gitaa lilihesabiwa uhuni, na inasimuliwa kwamba la kwanza alilolipata liliishia kuvunjwa. Akavuka mpaka. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa Kenya akirekodi, na baada ya kubadilisha majina ya bendi mara kadhaa alitulia na Shirati Jazz. Jina la mahali Tanzania likawa bendera ya muziki ambao ulimwengu unauita wa Kenya: benga.

Benga isikilizwe kuanzia chini. Katika rumba besi inakupa mahali pa kukanyaga. Besi ya benga inaruka. Inagusa noti mbili tatu, inanyamaza pale hasa mguu ulipokuwa ukitaka kutua, inarudi kwa nguvu upande wa pili. Gitaa la ridhimu halishikilii noti ndefu zinazopigwa pamoja. Linapiga vipande vifupi vikavu katika nafasi zilizoachwa na besi. Na juu kuna solo, noti moja moja zinazodonolewa haraka na kukatwa kabla hazijapoa. Waimbaji wakitoa mstari, solo linaujibu kwa kuurudia karibu neno kwa neno. Wanaimba tena, linajibu tena. Kisha maneno yanakwisha na magitaa yanabaki yenyewe. Mwendo unapanda, solo linashika kipande kimoja kifupi na kukizungusha bila kukiacha, na hapo ukumbi mzima unasimama.

Chukua mapigo 12 ya haraka na uyahesabu polepole. Ukiyafunga matatumatatu unapata vishindo vinne. Ukiyafunga mannemanne unapata vitatu. Mawilimawili, sita. Katika ngoma nyingi za mwambao huu mikono tofauti inafuata migawanyo tofauti ndani ya 12 hizohizo, na mchezaji anaweza kuweka miguu kwenye vinne na mabega kwenye vitatu. Benga imerithi tabia hiyo hata inapohesabika kwa nne za kawaida. Solo linavuta upande mmoja, besi upande mwingine, na pete ya mguuni imehamia kwenye dramu inayogonga kwa utulivu uleule. Ukimtenga mpigaji mmoja studio ukamsikiliza peke yake, utasikia kitu chepesi, pengine cha kuchosha. Warudishe wote na wimbo unatokea.

Ndiyo sababu wanaojaribu kuipiga benga kwa kusoma noti za solo pekee hushindwa. Nimewasikia wapiga gitaa wazuri sana, watu wa vidole vyepesi, wakiipiga noti kwa noti na ikabaki mfu. Walikuwa wamejifunza nusu moja ya mazungumzo.

Misiani aliimba kwa Kiluo, na mashairi yake yalijaa mafumbo ya wanyama na visa vya Biblia vilivyoelekezwa kwa wakubwa. Alikamatwa zaidi ya mara moja nchini Kenya, na utanzania wake ulikuwa fimbo ya kumtishia: ukizidi, utarudishwa kwenu. Huko kwao nako hakukuwa na kipaza sauti kinachomngoja. Redio ya taifa ya Tanzania ilitangaza kwa Kiswahili, ikajenga taifa kwa Kiswahili, na nyimbo za Kiluo hazikuwa na nafasi ndani yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukafunguliwa tena 1983. Kwa miaka hiyo sita santuri ya mtoto wa Shirati ilikuwa bidhaa ya nchi ya kigeni mkoani Mara. Mawimbi ya redio kutoka Kisumu hayakuomba pasipoti, na watu wa mwambaoni waliendelea kusikiliza. Mwaka 1989 lebo ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu yake Piny Ose Mer, na Waingereza wakawa wanamsikiliza mpiga gitaa wa Shirati wakati mtu wa Dodoma alikuwa bado hajawahi kulisikia jina lake. Misiani alifariki tarehe 17 Mei 2006 kwa ajali ya barabarani Kisumu.

Mfanyabiashara wa muziki Phares Oluoch Kanindo alikuwa ameshaipeleka benga kusini miaka mingi kabla ya hapo. Santuri zake zilifika Zambia, Malawi na Rhodesia ya zamani. Wapigania uhuru wa Zimbabwe waliokuwa kwenye kambi za mafunzo Tanzania waliusikia muziki huo pia, wakarudi nao baada ya uhuru wa 1980. Kule waliuita kanindo kwanza, kwa jina la mwenye santuri, kisha sungura, kwa jina la lebo yake moja. Wazimbabwe hawakuuacha kama walivyoupokea. Alick Macheso, mpiga besi anayeongoza Orchestra Mberikwazvo, aliihamisha rifu kutoka kwenye solo na kuiweka kwenye besi: yeye anaimba, besi yake inazunguka na kuongoza mbele, na magitaa ya juu ndiyo yanayotafuta nafasi ya kuingia. Alipotoa albamu ya Simbaradzo mwaka 2000, ile besi inayoruka, iliyokuwa mkia wa benga, ilikuwa imekuwa kichwa, na vijana wa Harare walikuwa wakipanga foleni kujifunza mkono wake wa kushoto.